Asilimia 30 ya Ngapi? Ada ya Bima ya Gari na Punguzo la Kutodai

Ujumbe wa kuhuisha bima ya gari huwa mfupi: namba ya gari, tarehe ya kuisha kwa stika, kiasi cha kulipa na namba ya malipo. Wakala mwenye bidii huongeza mstari wa kufurahisha: hongera, mwaka huu una punguzo la asilimia 30 kwa kuwa hukudai fidia. Mwenye gari hulinganisha kiasi hicho na cha mwaka jana. Akikuta kimeshuka analipa, akikuta kimepanda ananung'unika kisha analipa, na shughuli imekwisha hadi mwaka ujao. Maswali mawili ya msingi yanabaki bila kuulizwa. Asilimia 30 ya ngapi? Na nitaipoteza kwa lipi?

Punguzo la kutodai si zawadi ya udereva mzuri, wala si akiba inayokungoja mahali fulani. Ni fedha ambayo kampuni inakuachia ili hasara ndogo uzibebe mwenyewe. Mwenye gari anayelielewa hilo hupiga hesabu kwa shilingi na kwa miaka kadhaa mbele. Asiyelielewa husoma asilimia, na mara nyingi hudai pasipo na faida au hunyamaza palipostahili kudaiwa.

Ada inavyojengwa

Tanzania lugha ya barabarani imeshaigawa bima ya gari mara mbili: bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Kenya wanayo yao, Sura ya 405. Zote mbili zina asili ya kikoloni na zinafuata wazo lililowekwa Uingereza na sheria ya barabara ya mwaka 1930: anayeingiza gari barabarani lazima awe na uwezo wa kumfidia atakayemuumiza. Bima hii humlinda mtu wa tatu. Gari lako likikunjamana, haliihusu. Bima kubwa ndiyo inayoongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi.

Tofauti hiyo inaonekana pia kwenye ada. Bima ndogo hutozwa kiasi kimoja kwa magari ya kundi moja. Kwa gari binafsi kiasi kilichozoeleka Tanzania Bara ni shilingi 100,000, na ikiongezwa VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000. IST ya zamani na Land Cruiser mpya zinaweza kulipa sawa, kwa sababu mtu anayegongwa hana bei tofauti kulingana na gari lililomgonga. Kwa kawaida hapa hakuna punguzo la kutodai la kujadili.

Bima kubwa huhesabiwa kwa thamani ya gari. Kiwango kilichozoeleka kwa gari binafsi ni asilimia 3.5. Gari la shilingi milioni 20 litalipa 700,000, kisha VAT ya 126,000, jumla 826,000. Nchini Kenya hesabu ina sura nyingine kidogo: ada ya bima haitozwi VAT, bali kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa mfuko wa kuwafidia wenye bima, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Mkenya anayelipa ada ya 60,000 ataongezewa 310 tu. Mtanzania anayelipa ada ya 700,000 anaongezewa zaidi ya laki moja. Kwa hiyo kila shilingi ya punguzo kwa Mtanzania ina uzito wa shilingi na senti 18, kwa sababu punguzo hukatwa kwanza, VAT inafuata.

Ndani ya ile asilimia 3.5 mna mambo mengi. Sehemu kubwa ni makisio ya fidia ambayo kampuni inatarajia kulipa kwa magari ya aina yako. Mna kamisheni ya wakala au dalali, gharama za ofisi, gharama ya bima mtawanyo ambayo kampuni yenyewe inakata kwa kampuni kubwa zaidi, na faida. Makisio hayo hayategemei udereva wako peke yako. Magari mengi ya watu binafsi nchini ni mitumba kutoka Japani, na vipuri vyake vinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikiyumba, taa ya mbele inapanda bei kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na ada inaifuata. Ajali za wengine zikiongezeka, nawe utachangia. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha mwaka mzima bila mkwaruzo na bado akakuta ada imepanda.

Kwa nini kampuni ikupunguzie

Siku unapokata bima kwa mara ya kwanza, kampuni haikujui. Inajua aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, matumizi yake na pengine umri wako. Haijui kama unaendesha huku simu ikiwa sikioni au unapunguza mwendo kwenye kivuko cha wanafunzi. Kila mwaka unaopita bila madai unaipa taarifa kidogo, na punguzo ndiyo njia yake ya kukiri kwamba huenda wewe si hatari kama ilivyokudhania.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo inayopendwa kutangazwa. Sababu ya pili haitangazwi sana. Dai dogo linaigharimu kampuni kazi kubwa: fomu, mtathmini wa hasara, ripoti ya polisi, picha, karakana tatu kuleta makisio, ofisa wa kusoma yote hayo. Kulipa bampa la shilingi laki nne kunaweza kula muda uleule wa kulipa gari zima. Kampuni inatafuta namna ya kumfanya mteja asilete bampa, na namna hizo ni mbili. Moja ni kiasi ambacho mkataba unasema utajibebea mwenyewe katika kila dai, ambacho mawakala hukiita eksesi. Nyingine ni punguzo utakalolipoteza ukidai.

Wataalamu wa hesabu za bima wanaijua vizuri athari hiyo. Mbelgiji Jean Lemaire aliandika juu yake tangu miaka ya 1970, nayo inajulikana kama njaa ya bonasi: mwenye bima anabeba hasara yake kimya kwa sababu anaogopa kushuka ngazi. Njaa hiyo haikuingia sokoni kwa bahati mbaya. Imo ndani ya ubunifu wa bidhaa yenyewe, na kampuni huihesabia inapopanga ada.

Hakuna ubaya katika hilo. Bima ya gari haikuwekwa kwa ajili ya kioo cha pembeni kilichong'olewa na bajaji. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo gari limepinduka Mlima Kitonga au limeibwa uwanjani, hasara ambayo mshahara wa kawaida hauwezi kuibeba. Ubaya unaanza pale mwenye gari anapouziwa asilimia kubwa bila kuambiwa masharti yake.

Asilimia ya ngapi

Chukua magari mawili yanayofanana, kila moja la milioni 20. Kampuni ya kwanza inatoza asilimia 5 na inampa mteja punguzo la asilimia 30. Ya pili inatoza asilimia 3.5 bila punguzo lolote. Wa kwanza atajisifu kijiweni kwamba ana punguzo kubwa. Wote wawili watalipa 700,000 kabla ya kodi.

Sasa mfano wa mteja mmoja kwa miaka miwili. Mwaka jana kiwango kilikuwa asilimia 3.5 naye alikuwa na punguzo la asilimia 20, hivyo kwa gari la milioni 20 alilipa 560,000 kabla ya VAT. Mwaka huu hakudai, amepanda ngazi hadi asilimia 30, lakini kiwango cha msingi kimepandishwa kuwa asilimia 4. Ada kamili ni 800,000, ikitolewa asilimia 30 inabaki 560,000. Amepongezwa, amepandishwa ngazi, na amelipa kilekile. Na kama gari lake limechakaa kwa mwaka mmoja huku thamani kwenye fomu ikiachwa ileile, basi kwa hakika amelipa zaidi, kwa sababu anachokinunua kimepungua.

Ndiyo sababu mazungumzo na wakala yanapaswa kuanzia mahali tofauti. Wakala akisema, "Dada, mwaka huu tumekupa thelathini," jibu la busara ni, "Asante kaka. Kabla ya hiyo thelathini, ada kamili ilikuwa shilingi ngapi, na mwaka jana ilikuwa ngapi?" Mtu anayeuliza hivyo anapewa hesabu, na akishapewa hesabu anaweza kuilinganisha na ya kampuni nyingine.

Isidhaniwe kwamba uaminifu wa miaka mingi kwa kampuni moja unalipwa wenyewe. Uingereza, soko lenye uzoefu mrefu kuliko letu, mteja wa miaka mingi alikuwa akitozwa zaidi ya mgeni aliyeingia jana, kwa kuwa kampuni zilijua wengi wanahuisha bila kuuliza. Ilibidi mdhibiti wao, FCA, aingilie: tangu tarehe 1 Januari 2022 kampuni haziruhusiwi kumtoza anayehuisha bima ya gari au nyumba bei ya juu kuliko ambayo angetozwa kama mteja mpya. Pasipo kanuni ya namna hiyo, mlinzi wa mteja ni bei alizozitafuta mwenyewe kutoka kampuni mbili tatu kabla stika haijaisha.

Kudai au kunyamaza

Hapa ndipo penye fedha nyingi. Tuchukue ngazi ya punguzo iliyozoeleka katika masoko mengi: asilimia 10 baada ya mwaka mmoja bila dai, kisha 20, 30, 40 na 50. Tuseme mkataba wako unasema dai moja linakurudisha sifuri. Tuseme pia ada kamili ni 700,000 kila mwaka, eksesi ni 250,000, na wewe sasa uko kwenye asilimia 30.

Katika foleni ya Buguruni bajaji imekukwangua, taa imepasuka na bampa limevunjika. Fundi anasema 600,000. Ukidai, kampuni itatoa eksesi na kukulipa 350,000. Ni fedha, na umeilipia ada. Kwa nini uiache?

Tazama miaka inayofuata. Usipodai, utakuwa na asilimia 40 mwaka ujao, kisha 50 na kuendelea kubaki hapo. Ukidai, utaanza sifuri, kisha 10, 20, 30, 40. Tofauti ya mwaka wa kwanza ni asilimia 40, wa pili 40, wa tatu 30, wa nne 20, wa tano 10. Jumla ni asilimia 140 ya ada ya mwaka mmoja, yaani shilingi 980,000. Ongeza VAT inakuwa 1,156,400. Umepokea laki tatu na nusu, utarudisha zaidi ya milioni moja. Hata tukikubali kwamba thamani ya gari itashuka kwa asilimia 10 kila mwaka na ada ikashuka nayo, bado utarudisha takriban milioni moja.

Hesabu hiyohiyo inabadilika kulingana na ngazi uliyosimama. Asiye na punguzo lolote, akidai, anachelewa kila ngazi kwa mwaka mmoja: anapoteza asilimia 10 kwa miaka mitano, yaani 350,000, na pamoja na VAT 413,000. Aliye kileleni kwenye asilimia 50 anapoteza 50, 40, 30, 20 na 10, jumla asilimia 150, ambayo pamoja na VAT ni 1,239,000. Kwa hiyo ushauri wa kijiweni kwamba "bima umeilipia, dai tu" unaweza kuwa sahihi kwa jirani yako na kuwa hasara kwako, ingawa magari yenu na ajali zenu zinafanana.

Kutokana na hesabu hii mtu anaweza kujiwekea mpaka wake. Kwa mfano wetu, mwenye asilimia 30 asidai hasara yoyote ambayo kampuni itailipia chini ya takriban milioni moja, maana yake gharama ya fundi chini ya milioni moja na robo ukijumlisha eksesi. Juu ya hapo adai bila kusita. Gari likipinduka na matengenezo yakafika milioni 9, kulilia punguzo ni kukosa shabaha.

Mpaka huo una marekebisho mawili. La kwanza: kama unatarajia kuliuza gari na kukaa bila gari, au kushuka hadi bima ndogo, miaka ya kupoteza punguzo inapungua, na kudai kunakuwa na faida zaidi. La pili: punguzo unalolilinda leo linaweza kupotea kesho kwa ajali kubwa ambayo huna budi kuidai. Dereva wa barabara ndefu za mikoani ana sababu ndogo zaidi ya kulilinda kuliko mstaafu anayekwenda sokoni na kanisani, kwa sababu uwezekano wake wa kulipoteza ni mkubwa hata akinyamaza.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiulizi ni kanuni ya kushuka. India, punguzo huanzia asilimia 20 likafika 50 baada ya miaka mitano, na dai moja hulirudisha sifuri. Malaysia kilele ni asilimia 55, na huko nako ukidai unarudi mwanzo. Singapore, mwenye asilimia 50 akidai mara moja katika mwaka hushuka hadi 20. Kwa ada yetu ya 700,000, anguko la kutoka 50 hadi 20 lingemgharimu mtu 495,600 pamoja na VAT, wakati anguko la kutoka 50 hadi sifuri linamgharimu 1,239,000. Ngazi ni zilezile na kilele ni kilekile, tofauti ni zaidi ya laki saba. Anayechagua kampuni kwa urefu wa punguzo bila kusoma kanuni ya kushuka amesoma nusu ya mkataba.

Tahadhari moja kabla ya kuondoka hapa. Kuripoti ajali si kudai fidia. Mikataba humtaka mwenye bima aiarifu kampuni kila ajali inapotokea, na akiumia mtu kuna polisi na fomu ya PF 3 ya matibabu. Anayemaliza mambo kienyeji kando ya barabara ili alinde punguzo, kisha miezi minne baadaye akapokea hati ya madai kutoka kwa wakili wa yule aliyeanguka na pikipiki, anaweza kukuta kampuni inakataa kumtetea kwa sababu haikuarifiwa. Toa taarifa, andika wazi kwamba hudai matengenezo ya gari lako, na utunze nakala.

Kosa si langu

Malalamiko makali kuliko yote hutoka kwa aliyegongwa akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, akadai kwa kampuni yake, kisha akanyang'anywa punguzo. Anauliza, nimekosa nini? Kwa mfumo tulionao, swali hilo halina nafasi. Punguzo hutazama kama kampuni yako imetoa fedha, halitazami nani alikuwa na kosa.

Njia ya kutoka ipo, ila ina masharti. Kampuni ikishakulipa inachukua haki yako ya kumdai aliyekugonga au kampuni yake ya bima. Ikirudishiwa fedha yote, kampuni nyingi hukurejeshea punguzo. Kwa hiyo kinachookoa punguzo ni ushahidi wa dakika za mwanzo: picha kabla magari hayajasogezwa, namba ya gari la pili, namba ya stika yake na majina ya mashahidi. Stika sasa ni za kielektroniki, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hakiki palepale. Aliyekugonga akiwa na stika ya kughushi au hana bima kabisa, kampuni yako haitapata pa kudai, na punguzo limekwenda.

Njia nyingine ni kuidai kampuni ya aliyekugonga moja kwa moja bila kuigusa yako. Ni ndefu, inachosha, na inahitaji ripoti ya polisi inayosema wazi nani alikosea. Lakini kwa mwenye asilimia 50, uvumilivu huo unaweza kuwa na thamani ya zaidi ya milioni moja.

Si lazima mambo yawe hivi. Ufaransa wana mfumo mmoja kwa kampuni zote, nao unatazama kosa. Dereva anaanza na namba 1. Kila mwaka bila ajali ya kosa lake namba hiyo inazidishwa kwa 0.95, hadi ifike 0.50 baada ya miaka 13. Kwa kawaida kila ajali ambayo yeye ndiye mwenye kosa inaizidisha kwa 1.25, na haiwezi kuvuka 3.50. Aliyegongwa bila kosa haguswi. Mwenye kosa hapotezi tu punguzo, anaweza hata kutozwa juu ya ada ya kawaida, na rekodi yake inamfuata aendako. Mfumo kama huo unahitaji kumbukumbu ambazo kampuni zote zinaziamini. Tanzania stika zote zimeshaingia kwenye mfumo mmoja wa TIRA. Historia ya madai nayo ikiingizwa humo, msingi wa mfumo wa haki zaidi utakuwa umewekwa.

Thamani iliyosahauliwa

Watu hubishana na wakala juu ya asilimia 10 ya punguzo, kisha wanaacha mstari wa thamani ya gari kama ulivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Mstari huo ndio mzazi wa hesabu yote.

Gari likiibwa au likiharibika lote, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ile, isizidi kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lililoandikwa milioni 25 na sokoni ni milioni 18 litalipwa kama gari la milioni 18. Ile milioni 7 ya ziada umeilipia asilimia 3.5, ambayo ni 245,000, na pamoja na VAT 289,100, bila kupata kitu. Punguzo la asilimia 30 kwenye ada ya namna hiyo ni kurudishiwa sehemu ya fedha uliyozidishiwa.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Wapo wanaoshusha thamani kwa makusudi ili ada iwe ndogo. Baadhi ya mikataba ina kifungu kinachosema anayekata bima pungufu anabeba sehemu ya kila hasara. Gari la milioni 20 lililoandikwa milioni 10 limelindwa nusu, hivyo matengenezo ya milioni 4 yatalipwa milioni 2, na eksesi itatolewa humohumo. Njia salama ni kutazama bei za magari ya mwaka na aina yako yanayouzwa sasa hivi, au kumwita mthamini kwa gari la bei kubwa, kisha kuitaka kampuni iandike thamani hiyo kabla ya kulipa.

Kuhama, kubadili gari, kukaa bila bima

Punguzo ni la mwenye bima, halikai kwenye gari. Ukiuza gari, mnunuzi hachukui punguzo lako, nawe unaweza kuliomba lihamie kwenye gari jipya la matumizi yaleyale. Gari la pili unaloliongeza, huku la kwanza likiendelea na bima, kwa kawaida huanza ngazi yake lenyewe.

Ukihama kampuni, omba barua inayotaja miaka uliyokaa bila dai na asilimia uliyofikia. Iombe ungali mteja, maana aliyekwisha kuondoka husubirishwa. Usiongeze chumvi. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, na anayedanganya kwamba ana asilimia 50 ameikabidhi kampuni sababu ya kukataa dai kubwa siku atakapolihitaji.

Kukaa bila bima pia kuna gharama. India, anayepitisha siku 90 baada ya bima kuisha bila kuihuisha anapoteza punguzo lote. Kwetu muda huo hutegemea mkataba, hivyo mwenye gari lililo gereji kwa miezi kadhaa aulize kwanza kabla ya kuacha stika ife. Na akumbuke kwamba Tanzania bima bila malipo haipo: ahadi ya kwamba "nitalipa Jumatatu" haikulindi Jumapili.

Kioo cha mbele ni jambo dogo lenye faida. Mikataba mingi hukitengea kiasi chake, na dai la kioo peke yake mara nyingi haligusi punguzo. Wengi hulipa kioo mfukoni kwa hofu isiyo na sababu. Soma kifungu hicho kabla jiwe halijaruka.

Nani arekebishe nini

Mfumo wa punguzo la kutodai una mantiki, na kwa ujumla unawanufaisha waangalifu. Unawaonea makundi mawili. La kwanza ni wanaogongwa na magari na pikipiki zisizo na bima, ambao wanaadhibiwa kwa makosa ya wengine. La pili ni wasiopewa hesabu. Mdhibiti anaweza kulisaidia kundi la pili kesho asubuhi bila sheria mpya ya Bunge, kwa kutaka kila ilani ya kuhuisha ionyeshe mistari mitano: thamani ya gari, kiwango na ada kamili, punguzo kwa shilingi, kanuni ya kushuka ukidai, na kiasi ulicholipa mwaka jana. Kampuni isiyoogopa bei yake haitakuwa na sababu ya kupinga.

Mwenye gari naye asisubiri. Wiki tatu kabla ya stika kuisha, itake hiyo mistari mitano kwa maandishi, rekebisha thamani ya gari, tafuta bei mbili nyingine, na upige hesabu ya mpaka wako wa kudai uiweke ndani ya gari pamoja na kadi. Mkishindwana na kampuni juu ya dai au punguzo, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na malalamiko yaliyoambatana na maandishi husikilizwa vizuri kuliko ya mdomo. Wakala akikupigia kukupongeza kwa asilimia, mshukuru, kisha mwombe shilingi.